Soketi Nyuma ya Televisheni

Niseme mapema, kabla sijaanza kujipamba: nilimwonea wivu. Si wivu wa mapenzi. Alikuwa na umri wa binti yangu wa kwanza, na mke wangu kule nyumbani Langas alimjua vizuri kabla hajamwona, kwa jinsi nilivyokuwa nikimlalamikia kila jioni nikivua viatu. Ulikuwa wivu wa kazini, ule unaomfanya mtu mzima mwenye mvi ahesabu nani amesalimiwa kwanza mlangoni na nani amesalimiwa wa pili.

Nilikuwa nimefanya kazi katika hosteli za chuo, hapa Eldoret, kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa antena mashambani, upande wa Turbo na Chepsaita, nikipanda juu ya mabati ya watu kutafuta picha, mwenye nyumba akiwa ndani akipaza sauti kwamba imekuja, imepotea, imekuja tena. Chuo kiliponiajiri nilikabidhiwa kumbi za televisheni za hosteli zote sita. Enzi hizo ukumbi wa televisheni ulikuwa kitu. Siku za marathoni ulijaa hadi madirishani, kwa sababu wanaokimbia ni majirani zetu, na kila mtu mle ndani alijidai kumjua mkimbiaji kwa namna anavyotupa mkono. Picha ikigoma, mtu alitumwa mbio kuniita. Nikitokea na ngazi begani, wanafunzi walinipisha kama daktari wa zamu.

Intaneti ilipokuja sikuachwa nyuma, ingawa wapo waliotamani kuniona nimeachwa. Niliwatazama vijana wa kampuni iliyoleta vifaa, nikawabebea nyaya, nikawauliza maswali hadi wakanichoka, na walipoondoka nilikuwa najua kukata waya, kubana vichwa vyake na kufunga antena ya mtandao juu ya paa. Kompyuta ndiyo sikuipenda. Mimi kitu kikiharibika nataka kukigusa. Wanafunzi nao wakahamia kwenye simu zao, kumbi zikabaki na viti vya plastiki na mashabiki wachache wa kandanda, na hakuna aliyetumwa mbio kuniita tena. Waifai ikipotea walilalamika wenyewe kwa wenyewe vitandani.

Ndipo alipokuja yeye. Mkuu wa kitengo chetu alituita ofisini mwake sote wawili, akasema msichana huyu ni wa hapa Kiplombe, amemaliza shahada ya mitandao, na yuko nasi kwa mkataba wa muhula mmoja. Muhula ukiisha atateuliwa msimamizi mmoja wa mtandao na televisheni katika hosteli zote. Nafasi ilikuwa moja. Asipoipata yeye, mkataba wake ungeishia hapo. Nisipoipata mimi, ningebaki fundi chini yake. Mkuu alisema angetuangalia kwa kazi, si kwa maneno.

Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kuwaka moto. Nafasi hiyo niliingoja tangu ilipoanza kunong'onwa, na mke wangu alikuwa amewatangazia akina mama wa kanisani kwamba mume wake sasa ni msimamizi. Msichana alinipa mkono kwa heshima zote, akasema amefurahi kunifahamu na ana mengi ya kujifunza kwangu. Nikamjibu, "Karibu, madam," kwa sauti ambayo mke wangu angeijua mara moja.

Hazikupita wiki mbili wanafunzi wakaanza kumwita Injinia. Miaka kumi na tisa mimi niliitwa fundi, na sikuona ubaya wowote wa neno hilo hadi nilipolisikia lile lingine likipita kando yangu kwenda kwa mtu mwingine. Tulikuwa tukitembea pamoja kwenye varanda, mimi na nyaya zangu, yeye na begi lake la kompyuta, na mwanafunzi akitokea mbele yetu alisema "Injinia, habari," halafu macho yakihamia kwangu, "na fundi pia." Hilo "na pia" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alifungua kundi la WhatsApp kwa kila hosteli. Awali tulikuwa na daftari la malalamiko, limefungwa kwa uzi mezani pamoja na kalamu yake. Mwanafunzi aliandika shida yake, mimi nikasoma Ijumaa, nikaja Jumatatu. Utaratibu ulikuwa huo na hakuna aliyekufa. Yeye alijibu papo hapo, tena kwa upole, na picha ndogo za kucheka juu yake. Nikaomba niingizwe katika makundi hayo, eti nisaidie. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiingia kusoma sifa zake, kama mtu anayerudi kubonyeza jino linalouma. Siku moja msichana wa ghorofa ya pili aliandika kwamba waya umening'inia koridoni, mwenzake akamjibu kuwa hiyo si kazi ya Injinia, wamwambie Mzee wa Ngazi. Wakajaza mstari mzima wa picha za kucheka. Nilikuwa na miaka arobaini na saba tu. Tena maneno hayo niliyasoma nikiwa juu ya ngazi.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni chai. Katika hosteli ya wasichana iliyo karibu na ukuta wa nyuma kulikuwa na mlezi, mama wa makamo kutoka upande wetu wa magharibi, ambaye sote tulimwita Mama. Nilizungumza naye kwa lugha yetu, na kila asubuhi saa nne alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake katika kikombe cha bati ambacho hakikutumiwa na mtu mwingine. Msichana yule alipogundua kwamba Mama anapika chai kwa maziwa ya pakiti, alianza kumletea maziwa ya ng'ombe wa kwao, katika chupa ya plastiki iliyozungushiwa gazeti. Kila Jumatatu, bila kukosa. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nimekunywa chai ya mama wa watu bila kumletea hata kijiko cha sukari, na wazo lenyewe halikuwahi kunijia hadi nilipoiona ile chupa.

Asubuhi moja nikaingia na kumkuta msichana kwenye kiti changu, ameshika kikombe changu kwa mikono miwili. Mama akanimiminia kwenye glasi. Iliniunguza vidole. Nikasema chai ni tamu.

Sasa nieleze kosa, na nilieleze vizuri kwa sababu lilikuwa langu. Huku kwetu mvua ya alasiri huja na radi. Miaka mingi nyuma radi ilipiga karibu na hosteli hiyo, televisheni ya ukumbini ikaungua, nami nikaitwa ofisini nieleze, kana kwamba radi ilikuwa imeniaga. Niliporudi nilimwambia Mama kwamba akisikia ngurumo ya kwanza tu, asimame popote alipo, aende ukumbini, achomoe waya wa televisheni ukutani. Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa hilo mara mbili. Tumekua tukiwaona mama zetu wakifunika vioo na kuzima redio mbingu zikianza kunguruma. Mama alilipokea kama agizo la kanisani, na toka siku hiyo hakuwahi kukosa hata mara moja.

Intaneti ilipokuja, kisanduku kinachogawa mtandao kwa vyumba vyote, ambacho pia hupeleka umeme kwa antena ya paani, nilikifunga ukumbini juu ya televisheni. Ukutani nyuma ya televisheni kulikuwa na soketi moja. Ilikuwa Ijumaa na nilitaka kwenda nyumbani. Nikatafuta ekstensheni, nikachomeka televisheni na kisanduku humo, nikajiambia wiki ijayo nitarudi kuweka soketi ya pili. Sikurudi.

Kwa hiyo kila ngurumo iliposikika Mama alichomoa ekstensheni, na wasichana mia mbili wakakosa mtandao. Mvua ikipita alirudisha, taa zote za kisanduku zikawaka. Yeye hakujua kwamba anazima intaneti. Kwake ule ulikuwa waya wa televisheni, kama nilivyomwambia. Wasichana nao walidhani mtandao huondoka na mvua kama umeme unavyoondoka, wakazoea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Msichana wa Kiplombe ndiye wa kwanza aliyekataa kuzoea.

Aliniita ofisini, akageuza kompyuta yake nione. Hosteli tano zilikuwa sawa mvua ikinyesha. Moja tu, ile ya ukuta wa nyuma, antena yake ilikuwa ikipotea kwenye skrini na kurudi baada ya nusu saa au saa nzima, karibu kila siku ya mvua. Akaniuliza mimi ninayeijua nyumba ile nadhani ni nini.

Nilijua papo hapo. Niliiona ile ekstensheni nyeupe kana kwamba imewekwa mezani mbele yetu. Nikafungua mdomo niseme. Wakati huohuo akaingia mwanafunzi, akanipita bila kuniona, akamwambia, "Injinia, asante sana kwa ile ya jana." Nikafunga mdomo. Alipotoka nikamwambia msichana kwamba antena za aina ile hazipendi maji.

Sikupanga kumwangusha. Siku ile niliona ni utani, aone kwamba shahada haipandi paa. Nilidhani kesho ningemwambia tucheke. Kesho nikaona acha ahangaike kidogo. Wiki ikaisha, na hapo mambo yakageuka, kwa sababu kusema siku ya kwanza kungekuwa kusema kosa la soketi tu. Kusema baada ya wiki kungenibidi niieleze na hiyo wiki. Baada ya wiki tatu nilikuwa na mzigo ambao sikujua pa kuutua.

Yeye alifanya kazi. Alibadilisha waya wa paani wote. Aliziba kila tundu kwa utepe mweusi. Aliigeuza antena kidogo kushoto, kidogo kulia, mimi nikiwa chini nimeshika ngazi, nikimtazama akihangaika na kitu ambacho kilikuwa kizima kabisa, na nakiri kwamba nilifurahi. Haikuwa furaha kubwa. Ilikuwa ile ya kukuna pahali panapowasha, ukijua kwamba ukiacha patauma. Aliomba nimfungulie kisanduku cha ukumbini, maana ufunguo nilikuwa nao mimi. Nikamfungulia siku ya jua. Taa zote zilikuwa za kijani, zinapepesa vizuri. Hakuufuata ule waya mweusi unaoingia nyuma ya televisheni. Nani hufuata waya unaoingia nyuma ya televisheni?

Kisha kukaja siku ya manyunyu, mvua ya baridi iliyoanza asubuhi bila ngurumo hata moja, na mtandao haukukatika. Alinitafuta hadi akanipata kwenye stoo.

"Mzee," akasema, "leo imenyesha masaa matatu na net haijapotea. Ya juzi ilikuwa dakika kumi tu na ikapotea. Si kuna kitu hapo?"

Alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye jibu. Alisimama mlangoni na nywele zimelowa, macho yanamng'aa, na nikamwonea wivu kwa hilo pia, jinsi alivyoweza kuuliza asilolijua bila aibu yoyote. Mimi katika miaka yangu yote sikuwahi kumuuliza mtu aliye chini yangu kitu.

"Mvua ni mvua, madam," nikamwambia.

Hakunishuku. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenishuku. Aliniamini, kwa sababu niliijua nyumba na yeye hakuijua, akasema sawa, akarudi kwenye antena.

Nyumbani mke wangu alikuwa akiniuliza kila siku kuhusu barua ya usimamizi. Alikuwa amenishonea hata shati. Nikamwambia msichana anababaika, kuna hosteli imemshinda. Akasema Mungu ni mwema.

Wiki ya mwisho ya muhula, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa na mtihani wa mtandaoni, saa tisa alasiri, kila mtu chumbani kwake. Wengi wao walilala katika hosteli ile. Mkuu alimwambia msichana mbele yangu kwamba mtandao wa hosteli hiyo usipotee siku hiyo, na kwamba baada ya hapo ataamua. Msichana akaomba antena mpya kutoka stoo, akaifunga siku moja kabla. Nilimshikia ngazi. Aliposhuka alinishukuru kwa kumvumilia muhula mzima.

Siku yenyewe mawingu yalijikusanya tangu saa saba. Nilikwenda ukumbini mapema, nikamwambia Mama nakagua king'amuzi cha televisheni. King'amuzi hakikuwa na shida yoyote. Nilikwenda kutazama. Msichana alikuwa nje uani, kompyuta ameifunika kwa koti, macho juu ya paa, maana alitaka kuiona antena yake mpya kwa macho yake mvua itakapoanza. Juu yetu ghorofa tatu zilikuwa kimya kabisa, kitu ambacho sijawahi kukisikia katika hosteli ya wasichana.

Ilipopita robo saa tangu mtihani uanze, ngurumo ikalia mbali.

Mama aliweka chini kitambaa alichokuwa akifuma. Akatafuta ndara zake kwa miguu, akasimama. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye soketi. Ningesema, Mama, leo acha. Ni maneno matatu, na ningeyasema kwa lugha yetu yangekuwa machache zaidi. Nikageuza rimoti mkononi, nikajifanya naangalia betri zake. Alinipita akiniomba radhi, akainama nyuma ya televisheni, akachomoa. Taa za kisanduku zikazimika zote kwa mara moja. Halafu kutoka juu ikashuka sauti ya wasichana wengi wakisikitika kwa pamoja, na milango ikaanza kufunguka.

Msichana aliingia mbio, amelowa mvua iliyoanza ghafla. Hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja koridoni ilipokuwa ngazi yangu, akaiweka begani. Nje radi ilipiga karibu, madirisha yakawa meupe.

"Usipande," nikasema.

"Lazima nipande, Mzee. Ni antena."

"Kuna radi."

"Mzee, watoto wanafanya mtihani." Alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Wivu wangu ulikuwa mrefu lakini haukufika huko. Nikasema, "Si antena."

Akasimama. Ngazi ilikuwa bado begani mwake, ncha moja imegusa mwimo wa mlango. Hata hapo nilikuwa na njia. Nilikuwa nimeanza kupanga sentensi kwamba nimegundua sasa hivi, nilipokuwa nikikagua king'amuzi, jambo la ajabu kabisa. Lakini Mama alikuwa amesikia, na plagi ilikuwa bado mkononi mwake.

"Kwani hii pia ni ya intaneti?" akauliza. Kisha akanigeukia, uso umejaa wasiwasi kwamba amekosea. "Si ni wewe uliniambia nikisikia ngurumo nichomoe? Miaka yote hii mimi nachomoa tu."

Msichana alitazama plagi mkononi mwa Mama. Akaufuata waya kwa macho hadi kwenye ekstensheni, na kutoka kwenye ekstensheni hadi kwenye kisanduku nilichokifunga mimi. Kisha akanitazama. Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, mvua baada ya mvua, hadi akafika kwenye ile ya manyunyu. Akaiegemeza ngazi ukutani taratibu. Akamwomba Mama plagi, akainama, akaichomeka mwenyewe huku ngurumo zikilia na Mama akimwomba aache. Taa zikarudi. Hadi antena ya paani ilipojiwasha na kushika tena, dakika kumi na moja zilikuwa zimepita na mtihani ulikuwa umewafungia wengi.

Alipanda ghorofani kuzungumza na wasichana mlango kwa mlango.

Kesho yake asubuhi tuliitwa ofisini. Malalamiko ya walimu yalikuwa yamekwisha kumfikia mkuu, na hakuwa na tabasamu. Akauliza kulitokea nini. Nilikuwa nimejiandaa kuzamishwa. Niseme kweli, kuna sehemu yangu iliyotaka anizamishe, anivue nguo mbele ya mkuu, kwa sababu hapo angekuwa naye amenitendea ubaya na tungekuwa sawa.

Yeye ndiye aliyesema kwanza. Alieleza kwamba kisanduku na televisheni vilikuwa kwenye ekstensheni moja, ambayo huchomolewa ngurumo ikisikika. Si zaidi. Mkuu akauliza nani aliyeligundua jambo hilo.

"Ni Mzee," akasema. "Mzee alijua tangu mwanzo."

Alisema bila kunitazama, kwa sauti ileile aliyoitumia kueleza nyaya. Mkuu alisikia sifa. Alinitazama akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akasema hiyo ndiyo faida ya mtu aliyekaa mahali muda mrefu, kisha akamgeukia msichana na kumuuliza kwa nini basi alitumia wiki zote hizo kwenye antena, hata akachukua mpya stoo. Msichana akajibu kwamba aliamini ni antena. Hakusema aliaminishwa na nani. Mkuu akaandika kitu kwenye karatasi yake, halafu akanipa mkono juu ya meza.

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na nafasi ndefu kabisa ya kusema, maana mkuu alikuwa akiningoja.

Nilisema asante.

Barua ilitoka siku tatu baadaye, jina langu juu. Mke wangu aliibeba kanisani kwenye mkoba. Mimi siku ile ya barua nilikwenda hosteli ya ukuta wa nyuma, nikaweka soketi ya pili nyuma ya televisheni. Ilinichukua dakika ishirini.

Nilikuwa nikikusanya vifaa vyangu msichana alipoingia kunikabidhi kazi. Mkataba wake uliishia siku hiyo. Alinipa karatasi yenye pasiwadi za hosteli zote sita, akanieleza moja moja kwa utaratibu, akirudia pale alipoona sijaelewa. Bado aliniita Mzee. Alipomaliza hakuondoka mara moja.

"Mzee, nikuulize kitu?"

Nikasema aulize.

"Nilikukosea wapi?"

Nilitafuta. Nataka mtu aniamini kwamba nilitafuta kwa bidii, kwa sababu niliona namdai angalau jibu, na mtu hawezi kuonea wivu hivyo kwa miezi minne bila kuwa na sababu mahali fulani. Kila nilichokipata kilikuwa kitu alichopewa na watu. Hakuna hata kimoja alichoninyang'anya.

"Hukunikosea," nikasema.

Alishika kamba ya begi lake.

"Afadhali ningekuwa nimekukosea," akasema. "Ningejua cha kurekebisha."

Kisha akaenda kumuaga Mama. Nilibaki ukumbini na ile karatasi mkononi, mlango uko wazi kidogo. Nikamsikia Mama akilia, analia kwa sauti kama mtu anayesindikiza mwanawe, na msichana akimbembeleza, akimwambia atakuja kumtembelea. Nikasimama pale nikisikiliza, msimamizi wa hosteli zote, nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba anaondoka mikono mitupu na kuna mtu wa kumlilia.